Beji ya Kijani ya Mwalimu Gaspari

Nilimponza rafiki yangu kwa kutaka sifa. Sikuwa na shida, wala hakuna aliyenilazimisha. Sifa tu, na mpaka leo nikikumbuka najichukia.

Nilikuwa fundi cherehani mtaa wa Nyamirambo, nikishona sare za shule. Kazi hiyo ndiyo iliyonitia ugonjwa wa kukusanya beji za shule, zile za zamani za shaba, zenye rangi ngumu inayong'aa kama kigae. Nilizibandika kwenye kitambaa cheusi, na daftarini nikaandika historia ya kila moja: shule gani, ya miaka gani, nani aliivaa. Watu walikuja dukani kuzitazama, nami nikajiona profesa.

Mwalimu Gaspari alifundisha shule moja ya mtaa wa Kicukiro. Mwanzoni mwa 1990 aliniletea beji ya kijani yenye ndege wa kishungi, ya shule aliyosoma Uganda. Alikuwa amelelewa huko, walikokimbilia wazazi wake, akarudi kimyakimya. Majirani zake hawakujua.

"Nimeshindwa kuitupa," aliniambia, "na nyumbani naogopa kuiweka. Kaa nayo, fundi, lakini usimuonyeshe mtu."

Nikamwapia. Wallahi, nilimwapia.

Oktoba vita vikaanza mpakani, waasi wakitokea Uganda, na kila mwenye harufu ya Uganda akaanza kuitwa icyitso, yaani msaliti wa ndani. Mwenye akili angeifukia ile beji. Mimi siku hizohizo nikatembelewa na karani mmoja, naye mkusanyaji kama mimi. Alitandaza beji zake mezani pangu, akanicheka.

"Zako zote iko za hapahapa tu. Mimi iko na ya Bujumbura, iko na ya Bukavu."

Nikapandwa na hasira ya kijinga. Nikafungua droo, nikamwekea ile ya kijani mbele yake.

"Eh. Hii umetoa wapi?"

Ningeweza kusema sokoni. Nikasema, "Ya Mwalimu Gaspari wa Kicukiro. Aliivaa mwenyewe, miaka minne." Nikamfungulia na daftari alione jina.

Siku tatu baadaye Gaspari alichukuliwa darasani, mbele ya wanafunzi wake.

Mkewe, Speciose, alikuja dukani midomo imemkauka. "Fundi, waliokuja kupekua nyumba walikuwa wanaulizia beji. Ulimuonyesha nani?"

Nilimtazama usoni nikasema sijamuonyesha mtu. Akaniamini. Akaniomba radhi kwa kunishuku. Mume wake yuko ndani kwa ajili yangu, na yeye ndiye aliyeomba radhi!

Alipoondoka, woga ukanishika. Beji nikaitupa chooni, daftari nikalichoma.

Karani yule simsamehe. Lakini yeye hakumwapia Gaspari kitu. Aliyeapa ni mimi.

Gaspari aliachiwa mwaka uliofuata. Mkono wake wa kulia haukunyooka tena, na shuleni walikuwa wameshaweka mtu mwingine. Alikuja kwangu mara moja tu.

"Nipe beji yangu."

Hapo nikamweleza yote, karani, daftari, choo. Alinisikiliza amesimama, mkono mbovu ameushika kwa ule mzima.

"Kwa hiyo hata hiyo umenitupia," akasema, akatoka. Mwezi huohuo yeye na mkewe wakahama nchi.

Walirudi mwishoni mwa 1994, wakapata kishamba Masaka, hii ya pembeni mwa mji wetu, si ile ya Uganda. Na sasa wapo wanaokijua kisa hiki wanaonifariji: wangebaki hapa wangekufa kama wengine kwenye mauaji ya mwaka ule, kwa hiyo wewe uliwaokoa. Maneno hayo yananipandisha damu. Msiniambie tena. Mimi sikumuokoa mtu. Nilimuuza rafiki ili karani aache kunicheka, na waliyoyakuta wengine baadaye hayanisafishi hata kidogo.

Nilikutana nao Remera, kwenye kituo cha basi. Nikaanza kusema, "Mwalimu, naomba..." Gaspari aligeukia upande mwingine. Speciose ndiye aliyejibu.

"Usitusemeshe."

Ana haki.

Nawe unayekusanya vitu vya watu, iwe beji, picha au barua: ukiambiwa usionyeshe, usionyeshe. Na ukihisi ulimi unakuwasha, mrudishie mwenyewe kitu chake leo hii, kabla hajaja wa kukuchokoza. Mimi nilikuwa na miezi mizima ya kufanya hivyo, na nyumba yake nilikuwa naijua.