Maiki Iliyoangukia Mikononi mwa Mama Mkwe

Masalu wa Nyegezi alikuwa na mdomo, na sisemi mdomo kama huu wangu na wako. Harusi akiisherehesha yeye, maharusi wenyewe walisahaulika. Kipaimara cha mtoto wa jirani alikichangamsha mpaka padri akaomba naye apewe nafasi aseme neno. Kwa hiyo Queen, mwenye kituo kidogo cha televisheni pale mjini Mwanza, alipomchukua atangaze shindano la waimbaji chipukizi, hakuna aliyeshangaa. Masalu akauza spika zake zote, akaziaga harusi, akaanza kutembea kama mtu anayefahamika hata na mbuzi wa mtaa.

Tatizo ni kwamba shindano lenyewe lilikuwa halina watazamaji. Vijana waliimba ukumbini, majaji wakawakosoa, watu wakaombwa wapige kura kwa simu, simu zikakaa kimya. Kuna Jumamosi majaji walikuwa wengi kuliko watazamaji, na mmoja wa hao majaji alikuwa amefuata soda. Queen akamwita Masalu, akamwambia bila kuzunguka kwamba Jumamosi inayofuata watu wasipojaa, kipindi anakifuta na nafasi yake anaweka mieleka. Masalu alitoka pale ameikumbatia maiki. Aliipenda ile maiki kuliko alivyowahi kukiri hata kwa mkewe, Hellen.

Kesho yake alirudi na wazo. "Bosi, tuachane na majaji," akasema. "Tufanye kama ngoma za kwetu Usukumani. Tunaweka majukwaa mawili yanayotazamana, waimbaji wawili wanaanza kwa pamoja. Mtu akikupenda anasimama mbele yako, akikuchoka anahamia kwa mwenzako. Mwenye watu wengi ndiye mshindi."

Queen alikubali, maana hakuwa na lingine la kukubali.

Jumamosi hiyo uwanja wa Kirumba ulifurika. Hata wauza samaki wa Mwaloni walifunika meza zao wakaja, na harufu yao ikatangulia. Jukwaa moja alipanda kijana aitwaye Orwa, la pili binti aitwaye Sharon, na katikati yao Masalu na maiki yake, anaropoka mpaka mate yanaruka. Watu walikuwa wakihama huku na huku wanacheka. Masalu alijiona amepona.

Sasa, duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kumfunga Masalu mdomo, naye ni mama mzazi wa Hellen. Kwao, mwanamume na mama mkwe wake hawasimami uso kwa uso, hawapeani kitu mkononi, na wakiwa na neno linapitia kwa Hellen. Mama huyo alikuwa amevuka asubuhi kwa kivuko cha Kamanga kuja kumwona binti yake, na Hellen, kwa akili anazozijua mwenyewe, akamleta uwanjani. Watu wakasukumana, mama akajikuta mbele kabisa. Masalu akageuka, wakakutana macho.

Sauti ikamkatika hapo hapo. Akainamisha kichwa, kwa heshima akakimbilia upande wa Orwa. Mama naye, kwa heshima hiyo hiyo, akajifunika kanga usoni akakimbilia upande wa Orwa. Nusura wagongane. Masalu akageuza kwenda kwa Sharon, na mama, aliyekuwa haoni vizuri kwa ajili ya kanga, akageuza kwenda kwa Sharon. Umati ukadhani ndilo shindano lenyewe, ukawafuata. Orwa na Sharon wakabaki wanawaimbia waya. Mwisho Masalu alipiga mbizi nyuma ya jukwaa, na maiki ikamponyoka ikabaki kwenye nyasi.

Mama akaiokota. Mali ya mkwe haiachwi chini.

"Hellen," akasema, na uwanja mzima ukamsikia, "mwambie mkwe wangu ameangusha kitu chake. Na mwambie tukikimbiana tena achague upande mapema, mimi nina magoti mabovu."

Kirumba ikalipuka kwa kicheko. Mama akaitazama maiki, akaisogeza mdomoni vizuri zaidi. "Na huyo kijana wa huku, Hellen, muulize kama amekula. Anaimba kama anaomba uji." Orwa mwenyewe alikaa chini akicheka. Hakuna aliyehama wala kuondoka mpaka mwisho, na mama alisema na kila mtu, yote kupitia kwa Hellen.

Nyuma ya jukwaa, Masalu alikuwa anamvuta Queen mkono. "Bosi, ile maiki ni yangu."

"Hata mimi najua ni yako," Queen akamjibu, macho yake yakiwa kwa mama. "Nenda basi ukamwombe."

Masalu akabaki amesimama. Kumwomba hawezi, kuipokea mkononi mwake hawezi. Alimtuma Hellen, na Hellen akarudi anajifuta machozi ya kicheko, akasema mama amejibu kwamba bado anaitumia.

Na mpaka leo anaitumia, bado akianza na "Hellen, mwambie" hata Hellen akiwa nyumbani. Kipindi kimepona, kinarushwa moja kwa moja, Mwanza nzima inakitazama. Masalu amerudi kwenye harusi na spika za kuazima. Jumamosi majirani wanajaa sebuleni kwake, naye anakaa nao wakati wa matangazo ya biashara, lakini mama akitokea tu kwenye kioo, Masalu anainamisha kichwa, anabeba kiti chake, anatoka nje. Hawezi kukaa anatazamana na mkwe. Anasikilizia dirishani, na roho inamuuma, maana mama kazi anaiweza.

Jumamosi iliyopita alivumilia, akashindwa. Akaita kupitia dirishani, "Hellen, mwambie mama asiishike karibu sana na mdomo. Inakwaruza."

Hellen akaigeukia televisheni, akaiambia.