Mkosaji wa Kuteuliwa

Shemeji yangu ni mwalimu wa Kiingereza, na kama humjui kwa sura utamjua kwa pua. Kiswahili chake kinatoka mdomoni kama cha watu wote. Kiingereza kinapita puani, maana huko chuoni kuna mtu alimdanganya kwamba wenyewe ndivyo wanavyosema. Wanafunzi wakambatiza Mwalimu Puani, na jina likamganda. Zamani dada yangu, mkewe, alikuwa akikasirika akilisikia. Siku hizi yeye mwenyewe ndiye hunipigia simu: njoo umwone Puani wako, kaanza tena.

Mimi nafundisha hesabu shule hiyo hiyo, kwa hiyo namwona kazini na namwona nyumbani, hana pa kujificha. Na shemeji ni wa kutaniwa, wala sioni dhambi. Huyu bwana alimtongoza dada yangu kwa Kiingereza, wiki nzima, pale kwenye benchi la zahanati dada alikokuwa karani, naye akidhani ni mtu wa bima. Alipogundua ni mapenzi alikuwa ameshamzoea. Ndoa nyingi zimeanza kwa sababu mbaya zaidi ya hiyo.

Ila tusimsingizie. Kufundisha anajua, mradi asitazamwe na mtu mzima. Ana hadithi moja kitabuni, ya mkulima aliyepotelewa na ng'ombe, na akifika hapo Puani hushuka chini kwa mikono na magoti, akapita katikati ya madawati akilia moo, suruali nyeupe kwa chaki. Watoto hucheka mpaka machozi. Nami upande wa pili wa ukuta wa mbao nasimamisha hesabu zangu, maana nani atatafuta kipeo cha pili na ng'ombe yuko jirani? Lakini mwulize mtoto yeyote hadithi ile mwaka unaofuata, atakusimulia yote, kwa Kiingereza, bila kugugumia.

Basi tukatangaziwa kwamba idara ya elimu itawapima walimu wote wa Kiingereza wa shule za kati. Kwanza mtihani wa kuandika, ili ijulikane kama lugha wanaijua. Halafu wakaguzi watakuja darasani kuona kama wanajua kuifundisha. Atakayeshindwa anavuliwa somo. Mwalimu mkuu wetu, mama asiyependa maneno mengi, akatueleza mbele ya chai kwamba wa kwetu akianguka atapewa stoo na bustani ya shule, kwa sababu nafasi nyingine hana. Hakumtazama mtu. Hakuwa na haja, mwalimu wa Kiingereza tunaye mmoja tu.

Shemeji alitabasamu, akaenda chooni, akakawia. Nilimwonea huruma, nisiseme uongo. Huyu ndiye anayesoma hotuba kila mkutano. Akija mgeni, yeye ndiye anasukumwa mbele. Mtaani watu humletea maandishi ya kwenye boksi za dawa awasomee, na yeye huwasomea kwa sauti ya hakimu. Mvue Kiingereza, abaki na nini?

Mtihani wa kuandika nilipangwa kuusimamia mimi, pamoja na walimu wengine wa hesabu, kwa hoja kwamba hatutaweza kumsaidia mtu hata tukitaka. Jamani! Mkuki kwa nguruwe mtamu. Watu wanaopigisha watoto magoti kwa kuchungulia madaftari ya wenzao, shingo zilirefuka pale ukumbini nikadhani zitakatika. Mama mmoja mwenye miwani alikwenda msalani mara nyingi hata nikamwuliza kama anaumwa, akanijibu kwamba anaumwa swali la tano. Mzee mmoja alijikausha kabisa, kalamu chini, akisubiri labda majibu yatamfuata. Lakini na hao watunzi nao! Waliuliza maana ya maneno ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuyatumia akiwa na njaa au akiwa na haraka. Waliuliza majina ya wataalamu wa ualimu, nani alisema nini kuhusu namna mtoto anavyojifunza. Mtoto mwenyewe hakuulizwa habari zake.

Puani alipita chupuchupu. Ikabaki somo la kufundisha mbele ya wakaguzi, na hilo ndilo lingeamua kama atabaki darasani au ataenda kumwagilia mchicha.

Hapa inabidi nikueleze desturi yetu, maana nje ya ualimu watu hawaijui. Mkaguzi haonyeshwi somo. Anaonyeshwa mchezo wa somo. Linachaguliwa darasa, linafanyishwa mazoezi, kila mtoto anapewa swali lake na jibu lake, kuta zinabandikwa mabango. Na katika mchezo huo lazima awepo mkosaji. Wakaguzi wana alama maalumu za kuona mwalimu anavyosahihisha mtoto kwa upole, na watoto wote wakipatia, alama hizo zinapotea. Kwa hiyo anateuliwa mmoja wa kukosea. Shule nyingine humpa kazi hiyo mtoto mzito. Puani akaona huo ni ujinga, kwa sababu mtoto mzito atakosea mahali ambapo hajaombwa. Mkosaji mzuri ni yule mwenye akili, atakayekosea palepale na kwa jibu lilelile mlilopatana.

Akamchagua binti anayeongoza darasa la nane. Mama yake anauza mitumba nyuma ya stendi, mjane, na kila mteja anayepekua mashati pale ataelezwa kwamba binti yake anajua Kiingereza. Hadithi ilikuwa ileile ya ng'ombe. Swali: nani alimchukua? Kitabuni kila mtu anamshuku jirani, kumbe mwizi ni mtoto wa mkulima mwenyewe. Binti alitakiwa aseme ni jirani. Puani atabasamu, amwambie umejaribu vizuri mwanangu, hebu tutazame tena. Halafu mvulana wa dirishani ainuke aseme ni mtoto wa mkulima, na darasa lipige makofi.

Walifanya mazoezi hayo mpaka nami upande wa pili nikayakariri. Moo ilifutwa, eti si heshima mbele ya wageni. Nyumbani dada alilalamika kwamba mume wake amekuwa kama redio: mtoto akimwaga chai, umejaribu vizuri mwanangu, yeye akizidisha chumvi, umejaribu vizuri mwanangu. Usiku Puani aliota anasahihisha. Na pale uwanjani, binti akaanza kuitwa Mkosaji na wenzake. Alimfuata Puani, mimi nikiwepo, akaomba apewe mwingine nafasi hiyo. Shemeji akamshika bega.

"Huu ni mchezo tu, mwanangu. Ukweli tunaujua sisi wawili."

Siku ikafika. Wakaguzi walikuwa wawili, bwana mnene na mama mwembamba mwenye kalamu shingoni. Mwalimu mkuu, kwa kutaka kujionyesha, akawa amemwalika na mzazi mmoja aje ashuhudie. Mzazi gani? Mama wa mitumba, huyo huyo, kwa kuwa binti yake anaongoza. Shemeji hakuambiwa. Mama wa watu alikuja na gauni lake la kutokea, limenyooshwa, akakaa nyuma pamoja na wakaguzi, mikono juu ya mapaja. Mimi nilisimama mlangoni, nimekabidhiwa kulinda soda.

Somo likaenda kama lilivyopangwa. Shemeji sauti ilimtetemeka kidogo mwanzoni, akaipata. Akafika kwenye swali lake. Akamwita binti. Binti akasimama, akageuka kidogo, akamwona mama yake. Nakwambia niliiona akili ikifanya kazi usoni pale. Mama huyo hajui Kiingereza, lakini mtoto gani atasimama akosee kwa makusudi mbele ya mama aliyenyoosha gauni? Akajibu kwa sauti safi, sentensi nzima: ng'ombe alichukuliwa na mtoto wa mkulima.

Na Puani akatabasamu. Akatikisa kidole, taratibu, kwa upole wote alioufanyia mazoezi. Hapana, akasema. Umejaribu vizuri mwanangu, hebu tutazame tena.

Mvulana wa dirishani akamtazama mwalimu, akatazama dari, akainuka kwa sababu ndiyo zamu yake. Akasema ng'ombe alichukuliwa na mtoto wa mkulima. Vizuri sana! akasema shemeji. Makofi yakapigwa. Wakaguzi wakaandika. Binti bado alikuwa amesimama. Mama yake naye alipiga makofi, maana watu wote walikuwa wanapiga.

Nilidhani wakaguzi watauliza. Nilisubiri kabisa, chupa ya soda mkononi. Jibu moja, midomo miwili, kwa mmoja kosa na kwa mwingine sahihi. Hata mtu aliyelala angeshtuka. Wapi! Ofisini mama mwembamba akasema hajawahi kuona mtoto akisahihishwa kwa upole namna ile. Bwana mnene akaongeza kwamba binti yule ni dhaifu kidogo, ila kwa njia hiyo atainuka. Hao ndio waliotumwa kupima kama shemeji anajua kufundisha Kiingereza. Walimvisha kilemba cha ukoka pale, nacho kikamkaa, na jasho likimtoka chini yake.

Kosa lake alikuwa analijua. Namfahamu, alikuwa ameshajua tangu makofi.

Ndipo mama wa mitumba akabisha hodi, binti nyuma yake. Alikuja kuaga. Hakukaa, ingawa alipewa kiti.

"Mwalimu, naomba unisamehe," akasema. "Kila siku ananiambia anapata yote, nami nikamwamini. Kumbe amekuja kukuaibisha mbele ya wageni."

Binti alimtazama shemeji tu, na shemeji alijua anasubiriwa nini. Maneno machache yangetosha: mama, mtoto amepatia, mimi ndiye niliyekosea. Lakini wakaguzi walikuwa wamekaa hapo, karatasi za alama zikiwa wazi mezani, na stoo ya shule iko dirishani ukitazama. Puani akamgeukia mama.

"Hamna neno, mama," akasema. "Tutamsaidia."

Nilitoka na hasira zangu nikamfuata yule mama mpaka getini. Nikamshika mkono, nikamweleza kila kitu, mazoezi, mkosaji wa kuteuliwa, jibu la binti, jibu la mvulana. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akaniambia, "Asante kwa kumtetea, mwalimu. Lakini wewe ni wa hesabu." Wataalamu watatu wa Kiingereza walikuwa mle ndani, na wote watatu walimwona mtoto amekosa. Akamshika binti mkono, wakaenda. Nami nilibaki getini nikitukana kimoyomoyo, watu na ofisi zao.

Matokeo ya kufundisha yakatoka: Puani wa kwanza, shule zote. Dada akapika, jirani wakaitwa. Nilimngoja shemeji atoke kwenda uani kunawa, nikamkabili. Nilidhani atabisha, hakubisha. Alisema alilisikia jibu la binti, alilisikia vizuri, ila maneno yake yalikuwa yameshatoka, yalitoka yenyewe. Macho yalikuwa mekundu. Nikamwambia basi aende kwa yule mama akayaseme hayo hayo, stendi si mbali. Akasema atakwenda, kweli atakwenda, wakishampa cheti. Nilimwambia neno ambalo shemeji hamwambii shemeji, hata kwa utani.

Cheti kimekuja. Kimewekwa fremu, kiko sebuleni juu ya televisheni. Idara imemteua akawafundishe walimu wengine namna ya kumsahihisha mtoto bila kumvunja moyo, na anakwenda kila mwisho wa mwezi, amevaa tai. Mwalimu mkuu anamwita bingwa. Njia ya kwenda mafunzoni inapita stendi.

Juzi nilikuwa nafundisha, naye upande wa pili anafundisha, siku ya kawaida, hakuna mgeni wala bango. Alikuwa anauliza maswali ya hadithi nyingine, na darasa lilikuwa kimya, kama lilivyo siku hizi. Alipoona hakuna mkono ulioinuka akamwita yule binti. Nikasikia kiti kikisogea.

"Mwalimu," binti akasema, kwa Kiswahili, wala hakuwa na ufidhuli, alikuwa anauliza kweli. "Nijibu la kweli, au la wageni?"

Hakuna aliyecheka. Niliacha hesabu zangu, nikasogea ukutani nimsikie shemeji. Nilimwomba Mungu, aseme tu, hata nusu yake. Kisha akamwambia binti akae chini, akamwita mwingine.