Suruali Iliyounguzwa na Gitaa

Dobi wa mtaa wa nyuma ya benki hakuwa na ugonjwa mwingine ila muziki. Alipenda roki, magitaa yanayonguruma mpaka vifungo vinatetemeka mezani. Alipenda pia nyimbo za asili za watu wa mbali. Maneno yake hakuyaelewa hata moja, lakini alizitikisia kichwa kama mtu anayesimuliwa habari za ukoo wake. Kila mwisho wa mwaka alitangaza albamu zake bora, kwa sauti ya kutangaza matokeo ya mtihani, na mteja hakupewa shati lake mpaka hotuba iishe.

Mkewe, fundi cherehani aliyeshonea kwenye kona ya chumba hichohicho, alikuwa ameshazoea. Watu wakimuuliza mume hajambo, alijibu, "Mzima. Kichwa tu ndicho kina kelele."

Mwaka huo dobi alikwama. Albamu mbili zilimpasua moyo. Moja ilikuwa ya vijana wanne wa roki waliopiga ngoma kama wanabomoa ukuta. Nyingine ilikuwa ya bibi mmoja na gitaa lake kavu, anaimba taratibu kama anambembeleza mtoto wa jirani. Dobi akawa anazipima: asubuhi vijana, mchana bibi. Mashati ya asubuhi yalitoka na mikunjo ya kukata kama wembe. Ya mchana yalitoka yamelegea, yana huzuni.

"Mume wangu, chagua," mkewe alimwambia. "Hata mimi hukunifikiria muda wote huu."

"Wewe hukuwa na mpinzani."

"Nani kakudanganya?"

Siku moja asubuhi, gitaa la wale vijana lilianza kulia peke yake, vyombo vingine vimelipisha. Dobi akafumba macho. Pasi ikatulia juu ya suruali ya karani wa mahakama, suruali ya suti ya kuendea harusi ya mpwa wake. Kilichomzindua ni harufu. Kwenye paja la kushoto palikuwa na alama ya pasi, ya kahawia, imekaa sawasawa kama muhuri.

Karani, mtu mnene na mpole, alipofika aliitazama alama ile.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasikiliza, mzee. Nisamehe."

"Unasikiliza nini? Hebu na mimi nisikie. Siwezi kumlaumu mtu bila kusikia upande wake."

Akavuta kiti, akakunja mikono. Gitaa likalia, likapanda, likashuka, likanyamaza.

"Suruali yangu imekufa kwa ajili ya hii?"

Cherehani ilisimama, mke wa dobi alikuwa amejiinamia, anacheka. Dobi aliumia kuliko alivyoumia kwa ile suruali.

"Hukusikiliza vizuri, mzee. Anzia kwenye ngoma."

"Nimesikia. Paka wangu hupigana hivyohivyo. Huna kingine?"

Dobi akamweka bibi, kwa shingo upande. Katikati ya wimbo wa pili mikono ya karani ilikunjuka. Wa tatu ulipoisha, alivua miwani akaifuta.

"Hii ndiyo albamu ya mwaka."

"Haiwezekani! Hii haijaunguza kitu. Albamu bora ni ile inayomsahaulisha mtu kazi yake."

"Sawa. Wale vijana wamekusahaulisha pasi. Huyu bibi amenisahaulisha suruali. Nani kazidi?"

Dobi akamgeukia mkewe. "Usinitazame mimi," mkewe akasema. "Akipenda, chongo huita kengeza. Niacheni, nina suruali ya kushona."

Akaishona kweli, suruali mpya, kwa kitambaa kilichokaribia rangi ya koti la suti, ukiiangalia kwa mbali. Karani alihudhuria harusi akiwa ameketi nyuma ya meza, akasimama pale tu ilipolazimu.

Mwisho wa mwaka dobi alitangaza ushindi wa vijana wa roki, kwa ubishi mtupu, lakini safari hii kwa sauti ndogo. Siku hizi karani huja kila Jumamosi na mashati yasiyo na hata doa, ili wabishane. Mke wa dobi amemwekea kiti chake, mbali kidogo na meza ya pasi.