Mkaguzi Aliyekaa Kati Yangu na Mkwe

Mimi nina mdomo, waulizeni majirani. Sokoni Palma hakuna muuza samaki anayethubutu kunipunja. Lakini mbele ya baba mkwe wangu nilikuwa bubu. Kwetu mke wa mwana hamsemeshi mkwe uso kwa uso. Ukiwa na haja naye unatafuta mtu wa kati, unasema, "Mwambie baba," naye anajibu, "Mwambie mwanangu." Ndiyo heshima yetu, na siionei haya.

Tabu ilianza tulipochaguliwa wote wawili kwenye konselyu ya shule, ile kamati ya wazazi na walimu: yeye mwenyekiti, mimi mjumbe. Madarasa hayatoshi, basi wanaume wakaamua darasa la sita lisome zamu ya mwisho, inayotoka magharibi ikiingia. Njia ya kwetu ni vichaka vitupu, na tangu turudi kutoka ukimbizini tulikokimbilia wakati wa vita hakuna mama anayemwachia binti njia ile gizani. Nikamtoa wangu shule. Akawa analia huku ananisaidia kutwanga, nami nalia ndani kwa ndani. Na mkutanoni, zamu hiyo ilipopitishwa, nilikuwa nimekaa nyuma na wanawake wenzangu, leso mpaka kwenye nyusi, kimya.

Ndipo akaja mkaguzi wa elimu wa wilaya, mama mmoja wa Kimakonde kutoka bara, kuangalia kama konselyu yetu inafanya kazi. Nilidhani atasaini, ale wali, aondoke. Hee! Nilimkosea sana.

"Zamu hii wanawake waliikubali?" alimuuliza mkwe mbele ya konselyu nzima.

"Wote."

"Kwa maneno gani?"

Mkwe akakohoa. Mkaguzi akatugeukia, akaniona nimeinama. "Mwenyekiti ni nani wako?" Jirani yangu akanijibia: "Baba mkwe wake, mama."

Mwingine angetuhubiria haki za wanawake mpaka adhuhuri, nasi tungeitikia kwa vichwa tu. Yeye alibeba kiti chake akakiweka katikati ya chumba, baina ya wanaume na sisi. "Mimi sina mkwe hapa," alisema. "Nisemesheni mimi. Mficha uchi hazai."

Nikasogeza leso nyuma. "Mwambie baba, mjukuu wake hasomi tena."

Akageuza shingo. "Baba, mjukuu wako hasomi tena."

"Mwambie mwanangu, nilidhani anamtaka shambani."

"Mwambie baba, shamba gani? Naogopa ile njia na giza!" Nilipaza sauti mpaka walimu wakacheka, na mkaguzi akayafikisha vilevile, kwa ukali uleule, bila kupunguza hata chembe. Nilimpenda mwanamke yule, wallahi. Wenzangu nao wakafunguka: watoto wanaokaa jirani na shule ndio wachukue zamu ya jioni, wa mbali wasome asubuhi. Yeye akabeba maneno huku na huku mpaka jasho likamtoka.

Mwishowe alisema serikali haiamui zamu, konselyu ndiyo inayoamua. Kazi yake ni kuhakikisha kila mjumbe amesikika. Akaondoa kiti chake pale kati.

Mkwe alikifuata kile kiti kwa macho. Kisha akanitazama mimi, mara ya kwanza tangu niolewe. "Mwanangu," alisema, "asubuhi itakufaa?"

Wa kati hakuwepo tena. "Itanifaa, baba," nikasema, uso kwa uso.