Paja la Baba Mkwe

Miaka ya mwanzo ya ndoa yangu, mimi na baba mkwe tuliongea kupitia watu wengine. Mimi ni mtoto wa Naipingo, Nachingwea, nikaolewa Likunja, Ruangwa, na pande zote mbili tumelelewa hivyo hivyo: mke wa mwana hampi baba mkwe mkono, wala haketi naye mkeka mmoja. Nikimpelekea chai naiweka mbele yake, napiga goti. “Shikamoo, baba.” “Marahaba.” Basi. Akitaka kujua safari yangu ilikuwaje, alimuuliza mama mkwe, naye mama mkwe akaniuliza mimi, wote tukiwa tumekaa baraza moja.

Kazi yangu ni misuli. Tunachukua kipande kidogo cha msuli wa paja, tunakifumua maabara uzi mmoja mmoja. Kila uzi ni seli moja, mwembamba kama unywele, na ndani yake zimo protini nyingi zinazoufanya ukaze na kulegea. Zamani kipande kizima kilisagwa kwa pamoja, kama mtu anayesaga mahindi ya mashamba matatu: unga anapata, ila hajui shamba lipi lilitoa mahindi mabovu. Sisi tulitaka kuujua kila uzi peke yake, hasa kwa watu wazima waliolima maisha yao yote na sasa miguu inawaishia nguvu. Nilikuwa nimemwona baba mkwe akiinuka baada ya kusali, mkono ukutani, na mama mkwe akigeuka upande wa pili ili asimtie aibu.

Timu yetu ilipofika Likunja kuomba watu wa kujitolea, uvumi ulikuwa umeshatutangulia: wanakata nyama za wazee wakauze. Kwenye mkutano, mbele ya zahanati, hakuna aliyejitokeza. Mwisho alisimama mzee mmoja mfugaji, aliyehamia na ng’ombe wake kutoka Kanda ya Ziwa.

“Mnachukua kiasi gani?”

“Kama punje ya mchele,” daktari wetu akamjibu.

“Na mguu?”

“Utauma siku chache, kama wa mtu aliyelima kutwa.”

Mzee akakaa, bado anafikiri. Hapo nikasikia sauti nzito kutoka nyuma. Alikuwa baba mkwe, ameegemea baiskeli yake.

“Anzeni na mimi. Aliyeileta kazi hii ni mwanangu.”

Nilitamani ardhi ipasuke. Kazi yangu pale ilikuwa kusimama kando ya kitanda na kupokea kipande kikitoka. Nitalitazamaje paja la baba mkwe? Nikamwendea kiongozi wetu, mama mmoja mtaratibu, nikamnong’oneza.

“Hata usingesema nisingekuruhusu,” akaniambia. “Mtu hamhudumii ndugu yake. Na vipande vyote tunavipa namba tu. Hutajua kipi ni chake.”

Basi nikakaa nje kwenye benchi na mama mkwe. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, tukamsikia daktari akieleza habari ya sindano ya ganzi. Kisha ikaja ile sauti nzito.

“Mwanangu, upo?”

Mama mkwe akanitazama. Baba mkwe hakuwahi kuniita moja kwa moja.

“Nipo, baba.”

“Wanaanza.”

“Utasikia kama unasukumwa, baba. Hakuna maumivu makali.”

“Kweli. Kama mbuzi anakusukuma kwa kichwa.” Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, “Endelea kuongea.”

Nikaongea. Nikasimulia mvua za Naipingo, mikorosho ya mama yangu iliyoanza kutoa maua, mpaka kuku wake aliyeatamia mayai ya bata na kushangaa vifaranga wanaingia kwenye dimbwi. Niliongea mpaka mlango ukafunguliwa, akatoka anachechemea, anatazama chini. Nami nikatazama chini. Yule mfugaji akainuka, akaingia yeye. Baada yake wakafuata wengine.

Maabara nilikaa na vipande vile miezi mingi, jicho kwenye hadubini, kibano mkononi. Uzi ukivutwa vibaya unakatika. Kwa kuwa sikujua upi ni wa baba, niliushika kila mmoja kama wake. Nyuzi za paja moja, zilizolala pamoja toka mtu azaliwe, hazikufanana. Mmoja umejaa protini za kwenda taratibu, wa pili umejaa za kasi, mwingine umechanganya zote. Mwingine protini zake za kuzalisha nguvu zimepungua sana, wakati jirani yake bado ameshiba.

Niliporudi Likunja, ufuta ulikuwa umeshavunwa. Baba mkwe alimgeukia mkewe kama kawaida.

“Muulize mwanao ameona nini.”

“Muulize mwenyewe,” mama mkwe akasema, akinyanyuka. “Mimi nina mboga jikoni.”

Tukabaki wawili. Akakohoa.

“Uzi wangu uliuonaje?”

“Sijui upi ni wako, baba. Zina namba tu.”

“Hata wewe hujui?”

“Hata mimi.”

Akatafakari. “Basi nionyeshe wowote.”

Picha zilikuwa kwenye simu, na macho yake hayaoni mbali. Akausogeza mkeka wake mpaka ukagusana na wangu. Nikamwonyesha: huu umechoka, huu wa jirani bado una nguvu, na zote zimetoka paja moja.

“Uliochoka mnaweza kuuponya?”

“Bado, baba. Ndiyo kwanza tunazifahamu.”

Akaitikia kwa kichwa, akataka nyingine. Kila picha aliuliza mwenye uzi huo ni wa kijiji gani, ni mwanamume au mwanamke, nami nikajibu sijui, na hiyo sijui, na hiyo pia sijui, mpaka akaangua kicheko. Kilikuwa kicheko chembamba, cha juu, ambacho sikukitegemea kwa mtu mwenye sauti nzito vile. Mama mkwe akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi, akatutazama, akarudi zake ndani.