Kitanda cha Mninga Kisicho na Msumari

Baba mkwe wangu alikuwa Mnyamwezi aliyekuja Pare kukata mkonge, akaoa kwetu, akabaki. Sisi Wapare tunasemwa ubahili nchi nzima, lakini kwa misumari mzee yule alituzidi. Alipotutengenezea kitanda cha harusi, miaka ile ya dhiki ambayo hata sabuni tuliipangia foleni, hakutumia hata mmoja. Madukani haikuwepo. Alipata gogo la mninga bondeni, upande wa kijiji cha Bendera, akapasua mbao, akachonga ndimi ziingie kwenye matundu, akazishikiza kwa vigingi vya mti. Vanishi nayo ilikuwa hadithi tu. Basi akakinga utomvu wa mninga uleule, mwekundu kama damu, akaupaka kitanda kizima. Uliobaki akautia kwenye kichupa, ukawa dawa yetu ya vidonda.

Kilipendeza, sikatai. Lakini kilikuwa kinalia. Ukigeuka tu, nyumba nzima ina habari. Mashoga zangu walinitania mpaka nikawa naona haya kwenda kuchota maji.

Enzi ya Ruksa ilipoingia, biashara zikafunguliwa, maduka ya Same yakajaa misumari. Nikamtuma mume wangu alete, akigongelee kitanda kinyamaze. Baba yake akamzuia.

"Kitanda cha vigingi kinahama, mwanangu. Cha misumari kinavunjwa."

Nilinuna wiki nzima. Tuhame twende wapi, na mimi nina mimba ya kwanza?

Uchungu ulinishika asubuhi ya mvua, na hadi mchana mtoto hajasogea. Mkunga wa kijijini, mama mdogo wa mume wangu, alitoka nje akasema wazi: ashushwe Same sasa hivi, la sivyo tutawakosa wote wawili. Gari halipandi kwetu mvua ikinyesha, na machela hatukuwa nayo. Baba mkwe hakuuliza mtu. Aliingia chumbani kwetu, jambo ambalo mkwe hafanyi, akagonga vigingi vikatoka, akachomoa mifumbati, zile mbao mbili ndefu za ubavuni. Akazisukia kamba za kitanda katikati, akatandika shuka langu jeupe la harusi. Wanaume wakanibeba, yeye mwenyewe kashika mbele.

Mvua ilitupiga mlima mzima. Njia siikumbuki, nakumbuka kuomba tu.

Hospitalini benchi la wajawazito lilikuwa limejaa, na mimi ndiye wa mwisho kufika. Nesi akanitupia jicho, akaona shuka limelowa wekundu toka mabegani hadi miguuni.

"Huyu anatoka damu. Mpisheni."

Nikaingizwa moja kwa moja, nikapasuliwa.

Nilipozinduka, nesi alikuwa amelishika lile shuka, analinusa. Mvua ilikuwa imeyeyusha utomvu.

"Mama, hii si damu, ni rangi ya mbao," alisema, na alikuwa amekasirika kweli. "Ningejua, ungekaa benchi ungoje zamu yako. Na daktari anasema mtoto asingengoja."

Kisha akaniwekea binti yangu kifuani, analia kwa nguvu zake zote. Nikaomba baba mkwe aitwe. Alisimama mlangoni, hataki kuingia, viganja bado vyekundu. Nikamwambia aingie. Nikavishika vile viganja, nikamwambia asante baba, asante baba, mpaka mzee wa watu akaniomba ninyamaze.