Shati la Rufaa

Dobi aliponyimwa posho ya ulemavu, kilichomponza ni shati. Barua ilisema hivyo bila haya: "Mwombaji alifika ofisini akiwa nadhifu, shati limepigwa pasi, vifungo vyote vimefungwa. Anajimudu." Dada yake, mwalimu mstaafu, aliisoma mara mbili akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena. Miaka arobaini kaka yake alikuwa amenyoosha nguo za mtaa mzima, za maharusi na za maiti, na leo unadhifu huohuo ndio uliomkosesha haki yake.

Kiharusi kilimkuta mezani, pasi mkononi. Kiliuchukua mkono wa kushoto wote, kikavuta mguu na pembe moja ya mdomo. Akafunga duka, akabaki kwenye vyumba vyake viwili vya nyuma. Posho ile ndiyo ingemlipa mtu wa kuja kumsaidia kila asubuhi. Bila hiyo, ukoo ulishakata shauri: ahamie kwa mtoto wa marehemu kaka yao, alale sebuleni, awe mgeni hadi siku anaingia kaburini. Kila habari hizo zilipotajwa, Dobi aligeuza uso ukutani.

"Kwenye fomu ulijibu nini?" dada yake aliuliza.

"Nilijibu ukweli."

Dada aliivuta nakala ya fomu. Unaweza kuvaa mwenyewe? Ndiyo. Kufunga vifungo? Ndiyo. Kuoga, kupika, kufua? Ndiyo, ndiyo, ndiyo, tiki zote zimenyooka kama mikunjo ya suruali zake.

"Kaka, una vituko! Unaomba msaada huku unawaambia huuhitaji?"

"Wameuliza kama naweza. Naweza. Unataka nianze uongo uzeeni?"

Majirani nao hawakukosa la kusema. Siku ya rufaa, walishauri, avae shati lililokunjamana na atembee akiguna. Mmoja alijitolea kumwazima la kwake, maana lilikuwa limeshakunjamana tayari.

"Nisimame mbele za watu na shati kama limetafunwa na ng'ombe?" Dobi alifoka. "Bora waninyime."

Basi dada yake akafunga safari hadi ofisi ya chama cha watu wenye ulemavu. Karani wa rufaa, mwanamama wa magongo mawili, aliipitia fomu akacheka, na hakukuwa na dharau katika kicheko chake.

"Wachapakazi wote hujibu hivi," alisema. "Usibishane naye, mama. Chagua asubuhi moja umwangalie anavyovaa, tangu mwanzo mpaka mwisho. Andika unachokiona, na saa. Ila usimguse."

Kuangalia bila kugusa ilikuwa kazi aliyoijua vizuri. Alishasimamia mitihani isiyo na idadi, akiona jibu lisilo sahihi linaandikwa chini ya pua yake na hawezi kufungua mdomo. Jumamosi asubuhi aliketi kwenye kigoda kando ya meza ya pasi, daftari magotini.

Saa moja na dakika tano, Dobi alitandaza shati. Zamani alilipulizia maji kwa mdomo, ukungu mwembamba uliosambaa sawasawa. Sasa maji yangemvuja upande uliolegea, kwa hiyo alichovya vidole akarashia. Kisha alichukua pasi kuukuu ya mkaa, baridi, akaiweka juu ya ukosi ili iushikilie. Hiyo ndiyo iliyokuwa mkono wake wa kushoto. Alinyoosha kipande cha upana wa kiganja kwa pasi ya umeme, akaisimamisha pembeni, akaisogeza ile baridi, akaishika tena ya moto. Aliisogeza ile baridi mara thelathini na moja. Shati lilipoteleza alilibana mezani kwa tumbo, na muda wote huo alikuwa akiimba puani. Vidole vya dada yake vilikuwa vinawasha kwa hamu ya kusaidia, hata akavikalia.

Saa mbili na robo shati lilikuwa tayari. Aliuvika kwanza mkono uliokufa, polepole, kama anayemvika mtoto aliyelala. Vifungo vya mbele vilikuwa sita, na cha nne kilimponyoka mara saba. Kikabaki cha mkono wa kulia, ambacho mkono wa kulia wenyewe haukuweza kukifikia. Akainua kiwiko, akainamisha kichwa, akakifunga kwa meno na ulimi. Ilikuwa saa tatu kasorobo.

Mwalimu aliacha kuandika. Alidhani anamjua kaka yake, kumbe alikuwa hajawahi kumwona. Katika maisha yake yote hakuwahi kukaa karibu na mtu mkubwa kiasi hicho, na mtu mwenyewe alikuwa anatafuta viatu.

"Kila siku, kaka?"

"Jumapili navaa fulana."

Kwenye rufaa waliwakuta watu watatu nyuma ya meza ndefu, na mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima. Dobi aliketi ndani ya shati lisilo na hata kunyanzi moja. Dada yake alisoma daftari kuanzia saa moja na dakika tano, na alipofika kwenye pasi baridi, daktari wa jopo aliweka kalamu chini.

"Mzee," mwenyekiti alisema taratibu, "hicho kifungo cha mwisho. Ungekubali kutuonyesha?"

Dada yake alitaka kupinga, kwa aibu ambayo si yake. Dobi hakumngoja. Alikifungua kwa meno, akakifunga tena kwa meno. Zilipita dakika nne, na feni ya darini ikasikika kila ilipozunguka. Hakuna aliyetazama pembeni. Mwenyekiti alikuwa amevua miwani.

"Mbona kwenye fomu uliandika unaweza?"

"Mheshimiwa, si umeona mwenyewe? Naweza."

Mwenyekiti aliigeuza ile barua kifudifudi. "Rufaa yako imekubaliwa," alisema, akasimama, na wenzake wawili wakasimama naye.

Walipofika koridoni, kifungo kile kilikuwa kimechomoka, hakikuingia sawasawa. Dada yake alikiona, akaangalia dirishani kwa mazoea. Dobi akasimama na kumnyooshea mkono.

"Mwalimu," alisema, "mtihani umekwisha. Nifungie."

Alikishika. Kikamponyoka mara mbili.

"Taratibu," kaka yake alimwambia. "Hakitaki haraka hicho."